Kitabu Kilichofungiwa Ndani ya Mashine

Karani wa chuo cha ufundi, ambaye wenzake walimwita Mama Mihuri kwa jinsi alivyoilinda mihuri ya ofisi kama mboni ya jicho, hakuwahi kuogopa mashine yoyote mpaka mumewe alipopigwa na kiharusi.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasioona. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiandika kitabu kimoja tu, cha kumfundisha mtoto asiyeona pembe na duara kwa uzi, misumari na kipande cha ubao. Alikiandika kwenye kompyuta ya sebuleni, na hakumwonyesha mtu. "Kikiiva nitakipakua," alikuwa akisema. Kiharusi kikamkuta hajapakua. Kilimwachia mkono wa kushoto na neno moja, "basi", alilolitumia kwa njaa, kwa hasira na kwa shukrani.

Siku karani alipoiwasha kompyuta ili akitafute kitabu, mashine ilianza kujisasisha, na umeme ukakatika katikati. Tangu hapo haikuwaka tena. Ilikuwa ikionyesha nembo, ikizimika, ikianza upya. Akajilaumu mpaka akakonda.

"Shemeji, usijitie kitanzi," fundi wa kompyuta, rafiki wa zamani wa Mwalimu, alimwambia kwa simu. "Kilichovurugika ni mfumo tu, diski yenyewe haijaharibika. Tutaiwasha kwa Linux, mfumo mwingine wa bure, kutoka kwenye flashi. Mlango wa mbele ukigoma, tunapita wa uani."

Karani akapakua Linux kule ofisini, akainakili kwenye flashi, akaichomeka nyumbani. Wapi! Akampigia fundi.

"Umeinakili kama barua?" Fundi alicheka. "Ndiyo maana. Hii hainakiliwi hivyo, inaandikwa kwenye flashi kwa programu yake."

Akaiandika upya. Mashine ikaipita flashi kama haijaiona. Fundi akamwelekeza abonyeze kitufe mara tu nembo inapotokea, achague flashi kwenye orodha. Mara ya kwanza alichelewa. Mara ya tano akaipata orodha, lakini flashi haimo. Akaihamisha kutoka tundu la mbele lililolegea hadi la nyuma, ikaonekana. Alipoichagua, kioo kikaandika kwamba mfumo huu hauruhusiwi.

"Huo ni ulinzi wa mashine," fundi alisema. "Inamkataa mgeni isiyemjua. Ingia kwenye mipangilio uuzime."

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, akifuata kila kitu kwa macho. Karani alizima ulinzi, akahifadhi, akawasha. Mistari myeupe ikamiminika kwenye kioo cheusi, kisha ikatokea picha tulivu ya bluu.

"Imewaka! Mume wangu, imewaka!"

"Basi," alisema Mwalimu, machozi yakimlengalenga.

Karani akaibofya alama ya diski. Kikatokea kidirisha kidogo kikidai neno la siri.

"Fundi, inataka neno la siri."

"Sema tena, shemeji?"

"La diski. Si la Linux."

"Basi Mwalimu aliifunga diski mwenyewe." Sauti ya fundi ilishuka. "Hapo mimi sina ujanja. Anayelijua ni yeye peke yake."

Karani alimgeukia mumewe. Alijua kwamba analijua. Aliliona usoni mwake, limesimama nyuma ya meno. Akamsogezea kibodi. Mkono wa kushoto ukaelea juu ya herufi, ukabonyeza moja, ukasita, ukabonyeza nyingine tatu. Kosa. Akajaribu tena. Kosa. Akafumba macho kama mtu anayeipapasa njia gizani, midomo ikichezacheza.

"Nionyeshe herufi ya kwanza tu," Karani alimwambia. " Nitazitaja zote, wewe uitikie kwa kichwa nikiifikia."

Akazitaja. Kwa M aliitikia, kwa P akaitikia pia, Karani aliporudia M akakataa. Kisha akaipiga kibodi kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu.

"Basi! Basi! Basi!"

Karani alijaribu siku ya harusi yao, jina la shule, majina ya wanafunzi aliowapenda. Alijaribu wiki nzima, kisha mwezi. Mwishowe akagundua kwamba kila akichomeka flashi, Mwalimu hugeuzia uso ukutani na hali chakula siku hiyo. Akaichomoa, akaifunika kompyuta kwa shuka.

Baada ya miezi kadhaa mwalimu mkuu wa shule ya wasioona akaandika kuulizia kitabu, maana watoto walikuwa wakikisubiri. Karani alikaa na barua ile mchana kutwa. Alianza majibu mara nne, akayachana. Mara ya tano akayapeleka: "Kitabu kipo, lakini hatuwezi kukifikia. Mwalimu anawasalimu."

Salamu hizo alizitunga mwenyewe.