Sweta ya Kijani Niliyoipeleka Chekalini

Kwa miaka ishirini nilikana kwamba sioni tofauti ya kijani na kahawia. Nilikuwa nimesoma hadi chuo kikuu, nikifundisha biolojia katika shule ya wasichana mjini Kakamega, na kila mwaka nilichora seli za jicho ubaoni kwa chaki za rangi. Wasichana wakicheka, nililaumu chaki.

Kisha ikaja barua ya mwanangu Shikuku kutoka Nairobi. Uhuru ulikuwa na miaka kama kumi, na kijana alikuwa na nafasi mbili: udereva wa treni, au chuo cha ualimu. Chuo kilitaka jibu kufikia Jumamosi. Watu wa reli wangempima macho mwezi uliofuata. "Mama, fomu ya reli inauliza kama kuna mtu wa ukoo wetu anayechanganya rangi. Nijaze nini?"

Jumatano asubuhi nilipanda basi kwenda Lugari kwa baba yangu. Mwanamke hawi na kasoro hii kama baba yake hana, na mama aliye nayo huwarithisha wanawe wote wa kiume. Baba akionekana mzima, basi kosa ni la chaki, na mwanangu ataendesha treni. Nilimnunulia sweta ya kijani, rangi aipendayo.

Baada ya Malava miwa ilipungua, mahindi yakaanza, nami nikajikumbusha somo langu. Mwanga hufika nyuma ya jicho na kukuta seli za aina mbili: za gizani, zisizojua rangi, na za mchana, ambazo ni za namna tatu. Hakuna hata moja inayosema "nyekundu" au "kijani". Kila moja huripoti tu mwanga ulioipata. Seli nyingine hulinganisha ripoti hizo, kisha neva hupeleka habari kwenye ubongo. Ripoti mbili zikifanana mno, rangi mbili huwa moja. Hayo niliyajua vizuri sana, kwa macho ya watu wengine.

Saa saba nilifika Chekalini, kule Lugari, nikatembea hadi shamba alilogawiwa Baba kwenye ardhi ya mzungu aliyeondoka. Mama Roda, mke wake wa pili, alinipokea kwa "Mulembe!" na kuandaa obusuma, ugali wa kwetu, na kuku. Baba akavaa sweta papo hapo.

"Hii ndiyo kijani!" akasema. "Kama mahindi ya Mei."

"Kijani gani, mzee?" Mama Roda akauliza. "Hiyo ni rangi ya udongo."

"Ameichagua mwalimu mwenyewe!"

"Basi nyinyi wawili mnaonanga nini?"

Baba akaniinamia. "Nikichuma nyanya, huyu hunifuatanga akitoa mbichi. Nilidhani ni ukorofi tu."

Nilicheka hadi machozi. Kuku yule nilimla kama mtu aliyetua mzigo.

Alhamisi nilirudi. Ijumaa asubuhi, pale posta, opereta aliniunganisha na duka alikofanya kazi Shikuku.

"Jaza ndiyo," nikamwambia. "Ni babu yako. Ni mimi. Na wewe pia."

"Ulijua lini, Mama?"

"Kujua, zamani. Kukubali, juzi."

"Kumbe! Kwenye taa za barabarani mimi hungoja watu wavuke, ndipo nifuate. Nilifikiri kila mtu hufanya hivyo." Akavuta pumzi. "Sawa. Chuo nakipelekea jibu leo."

Opereta, aliyekuwa akitusikiliza muda wote, akaingilia: "Dakika tatu zimekwisha. Hongera, mwalimu."