Faini ya Bwana Shoka

Kutoka Rusumo mpaka Biharamulo, ukiuliza Shibuda ni nani, watu watakukodolea macho. Uliza Bwana Shoka, na hata mtoto wa chekechea atakuigia kile kicheko chake. Shibuda mwenyewe alishazoea. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na saba, mpole, mwenye sauti ya chini, mkulima wa mahindi na mihogo pale Kaniha, na mkewe Limi alipenda kusema kwamba nyumbani hata kuku hawamwogopi. Lakini akivaa koti refu la kahawia na kuweka shoka begani, alikuwa mtu mwingine kabisa, na mara nyingine hata yeye hakujua yule mtu ametoka wapi.

Mambo yalianzia Benaco. Adventina, mama wa Kihangaza aliyeshuhudia vilima vya kwao vikibaki vipara baada ya ile kambi kubwa ya wakimbizi, alianzisha kikundi cha maigizo cha kutetea misitu. Walikuwa wakiigiza minadani, watu wakishauza ng'ombe na kutulia. Alihitaji mtu wa kuwa mkata miti, na kila aliyeombwa alikataa. Nani anataka kuzomewa mbele ya wakwe zake? Shibuda alikuwa amepeleka ndama mnadani, hana hili wala lile. Akasema atajaribu.

Alikuwa na sababu yake. Wazazi wake walihama Shinyanga na mifugo kwa kuwa nchi yao ilikuwa imegeuka vumbi, na tangu utotoni alisimuliwa habari za ngitili, lile pori ambalo wazee hulifunga ili nyasi na miti vipumue, na anayelikata hutozwa ng'ombe. Alitaka watu wamchukie mkata miti kama yeye alivyomchukia.

Ole wake, aliigiza vizuri mno. Bwana Shoka alikuwa na maringo, alitembea kama mtu asikiaye ngoma ya mbali, na kila alipoonywa alicheka, akajibu, "Kata wewe! Tutapanda kesho!" Watu wakavunjika mbavu. Madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kuvuka pale Rusumo wakamrekodi kwa simu zao, na Bwana Shoka akavuka mpaka bila hata kugongewa muhuri. Mchezo ukiisha, Shibuda alivua koti, akagawa miche ya mikuyu na mininga, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Ndugu zangu, msimfuate yule." Watu wakacheka zaidi. Walidhani mchezo bado unaendelea.

Ikaenda hivyo miaka kumi na minane. Asubuhi za ukungu, akirudi nyumbani kwa miguu, Shibuda alihisi kuna mtu anatembea kando yake, hatua kwa hatua, akipiga mluzi. Hakuogopa. Alimpenda. Bwana Shoka ndiye aliyekuwa na maneno. Yeye alikuwa na miche tu.

Mwaka huu, mwezi wa tisa, kijiji kikaitisha dagashida, ule mkutano mkuu wa kimila wa Wasukuma. Nyuma ya Kaniha kulikuwa na pori lenye chemchemi, na kiangazi nusu ya kijiji ilikunywa hapo. Wazee walitaka lifungwe liwe ngitili. Vijana walitaka ligawanywe, wapande tumbaku na wapate kuni za kukaushia. Msemaji wao alikuwa Elick, kijana mchangamfu, si mtu mbaya hata kidogo.

"Wazee wetu, shikamooni," alisema Elick. "Sisi hatuna mashamba. Na miti itaota tena. Mwenyewe Bwana Shoka si amesema? Kata wewe! Tutapanda kesho!"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Shibuda akasimama. Akaanza kueleza habari za chemchemi, za vumbi walilolikimbia wazazi wake, lakini kabla hajamaliza sentensi ya pili watu walikuwa wameshika mbavu. Machozi yakamtoka. Wakampigia makofi. Mzee Mayunga, aliyeongoza mkutano, akaona hakuna la maana litakaloamuliwa siku hiyo, akauahirisha kwa juma moja.

Shibuda hakwenda nyumbani. Aliingia porini, akajilaza chini ya mninga mchana kweupe, na mwanga ukamwagika kidogo kidogo kupitia majani mpaka macho yakawa mazito. Akamwona Bwana Shoka ameketi kando ya chemchemi, amevua viatu, ametumbukiza miguu majini. Alionekana amechoka. Hakucheka.

"Umenifundisha kila kitu," alisema Bwana Shoka, "ila hukunifundisha kushindwa."

Shibuda alipoamka jua lilikuwa limeinama, na alijua la kufanya. Jioni alimweleza Limi. Limi akautazama uwanja walipofungwa maksai wao wawili wa kulimia.

"Baba Kulwa, mmoja akiondoka tutalima kwa jembe la mkono."

"Tutalima kwa jembe la mkono."

"Basi mchukue huyu mwekundu," alisema Limi. "Yule mwingine ananijua."

Juma lililofuata, watu walipokwisha kukaa, Bwana Shoka akatokea na koti lake na shoka lake. Shangwe! Akaingia katikati kwa maringo yale yale, kisha akapiga magoti mbele ya Mzee Mayunga.

"Mzee wangu, nimekamatwa. Nimekata ngitili ya Kaniha."

Watu wakacheka hadi wakajifuta machozi. Mzee Mayunga akamtazama kwa makini, muda mrefu, kama anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko mdogo. Kisha akajiweka sawa kwenye kiti.

"Umekata miti mingapi?"

"Sikuhesabu, mzee. Nilisema tutapanda kesho."

"Mkutano unasemaje?"

"Atozwe faini!" walipiga kelele, na Elick ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. "Atoe ng'ombe! Na atengwe kabisa!"

"Faini ni ng'ombe," alisema Mzee Mayunga. "Alete."

Bwana Shoka akainuka, akaenda nyuma ya nyumba ya jirani, akarudi anamvuta maksai mwekundu kwa kamba. Kicheko kikapungua, ila hakikuisha. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamtazama mzee, mzee akatikisa kichwa kukubali, na ng'ombe akachinjwa pale pale, kwa kuwa ng'ombe wa faini huliwa na waliotoa hukumu, siku ile ile. Moshi ukapanda polepole juu ya pori. Kila mtu alikula. Elick alipata mbavu, akazisifia.

Wakati wa kunawa mikono, Mzee Mayunga akasimama.

"Leo tumekula ng'ombe wa ngitili ya Kaniha. Aliyekula na atakayesema ngitili hiyo haipo, asimame nimwone."

Hakusimama mtu. Elick aliuangalia mfupa mkononi mwake, akaangalia wenzake, kisha akacheka kidogo peke yake, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Mzee, mimi nimekula," akasema. Pori likafungwa.

"Bado moja," akaendelea Mzee Mayunga, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole. "Mlisema atengwe. Bwana Shoka asionekane tena Kaniha, wala mnadani, wala popote wanapokaa watu wa dagashida hii. Hukumu ni hukumu, mwanangu."

Hilo Shibuda hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kumpoteza ng'ombe. Akavua koti, akalikunja vizuri, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

Siku ya mnada uliofuata Adventina alikuja na kikundi. Umati ukajaa, ukaanza kuita, "Bwana Shoka! Bwana Shoka!" Shibuda akatoka mbele akiwa na shati lake la kila siku na mche mmoja wa mkuyu.

"Ametengwa," alisema.

Akawaeleza habari za chemchemi, polepole, kwa sauti yake ya chini, na watu wakasogea karibu ili wamsikie. Hakuna aliyecheka. Ndicho alichokitaka miaka yote kumi na minane, na alipoendelea kusema alikuwa anatega sikio nyuma yake, akitafuta ule mluzi.