Vidole Vinne vya Kukua

Mimi ni fundi cherehani wa Gongoni, na kwa sare za shule sina mpinzani; anayebisha alete kitambaa. Siri yangu kila mzazi hapa Tabora anaijua: nampima mtoto, halafu naongeza vidole vinne. Januari sketi inaburuza, Desemba imemkaa sawasawa, na mama yake ananisifia sokoni.

Basi shirika moja la misaada liliponipa kazi ya kushonea viti vya magurudumu vya watoto wakimbizi, nikaona huo ni mteremko. Vyuma alivichomelea jirani yangu, mzee mwenye mdomo mkali kuliko mashine yake. Mimi nikashona kikalio cha turubai, mto wa sponji na mikanda. Vipimo vilitoka kambini, upande wa Kigoma, vimeandikwa vizuri kabisa. Nikavisoma, nikaongeza vidole vinne. Nani aliniomba? Hakuna.

Siku ya kujaribu kiti cha kwanza, gari la shirika lilimleta mama mmoja aliyekimbia vita Kongo, binti yake wa miaka minane mgongoni. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Shingo na kiwiliwili havimtii. Dada wa mazoezi ya viungo aliyefuatana nao alitueleza kwamba mtoto akilishwa amelala, chakula humpalia kikaingia kifuani. Mara ya mwisho nusura wampoteze. Akikaa wima, atakula salama. Na saa nane mchana gari lilikuwa linarudi kambini.

Tukamkalisha. Lahaula! Mtoto akazama upande kama gunia lisilojaa, kidevu kifuani. Tukamnyanyua, akazama upande wa pili. Jirani akauliza kama nilimpima mtoto au ng'ombe wa Igunga. Nikamwambia akachomelee mdomo wake. Lakini nilishajua kosa ni la nani.

Nikakiri habari ya vidole vinne. Yule dada hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu kwamba kiti si sare. Kikipwaya kidogo, mgongo wa mtoto unakosa pa kuegemea. Nikakivua kile kikalio, nikafumua mishono, nikapiga mstari wa chaki, nikashika mkasi. Nilikuwa na hasira na vile vidole, nikitaka nivitupe jalalani visionekane tena.

Mama wa mtoto akasogea. Akaweka kiganja juu ya kitambaa.

"Mama fundi, watoto wa hapa unawaachia nafasi ya kukua?"

Nikamwambia ndiyo, wote.

"Basi usikate. Kunja. Huyu naye atakua."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilipoinua ule mkasi, mwaka kesho wa mtoto huyu haukunipitia kichwani hata kidogo.

Nikakunja kwa ndani, nikashona kwa mkono, mishono mirefu inayofumuka kwa urahisi, uzi mwekundu uonekane. Tukamkalisha tena. Akakaa. Kichwa kikayumba, kikatulia. Mama yake akamlisha uji, kijiko kimoja, cha pili, kikombe chote, bila kupaliwa.

Dereva alipoanza kupiga honi, mama alichuchumaa nyuma ya kiti, akapapasa chini ya turubai, akaniomba nimwonyeshe uzi wa kuuvuta binti yake akifika miaka tisa.