Ng'onda wa Miezi ya Kufungiwa

Mama alianza kuanika samaki mwezi wa tano, wiki moja baada ya mimi kumwambia kwa mara ya tatu kwamba tiketi yake ya kurudi Mombasa imesogezwa mbele. Daktari wa nyonga hajaridhika, nilisema. Ambacho sikusema ni kwamba nyumba yake ya Mombasa ilikuwa na wapangaji tangu mwezi wa tatu. Mimi na dada yangu tulikubaliana kwa simu, kwa dakika kumi, kwamba mwanamke aliyeanguka jikoni peke yake hawezi kurudi kuishi peke yake. Kila mmoja wetu alitumaini mwenzake ndiye atakayemwambia.

"Haya," alisema. "Siku ya nazi nitaondoka." Kisha akanituma Fordsburg, mtaa wa maduka hapa Johannesburg, nikanunue samaki, vibua.

Nilirudi na katoni ya walioganda. Akawatazama kama aliyeletewa maiti asiyemjua, akauliza kisu kiko wapi. Kisu kikubwa kuliko vyote nyumbani kwangu kilikuwa cha mkate.

Niseme hapa kwamba katika ukoo wetu mtaalamu wa uvuvi ni mimi. Nimeandika tasnifu nzima kuhusu watu wetu wa pwani ya Konkan, kusini ya Mumbai: jinsi kila nyumba ilivyochangia kipande chake, vipande vikashonwa kuwa wavu mmoja mrefu, na kijiji kizima kikasimama ufukweni kuuvuta, na jinsi meli za injini zilivyokuja kuwakomba samaki huko huko mbali, kabla hawajaufikia wavu wa mtu. Babu yangu aliuacha wavu akawa mpishi wa meli, akashuka Mombasa. Baba akawa karani bandarini. Mimi ni mhadhiri Johannesburg, mji usio na hata mto wa kujisifia. Nilipokwenda Konkan kwa utafiti, uwanja wa kuanikia samaki ulikuwa umetiwa lami, ni maegesho ya hoteli, na binamu zangu walikuwa wakibeba masanduku ya wageni. Bibi mmoja muuza samaki alisikiliza maswali yangu mawili, akanisukumia kibua na kisu. "Mpasue huyu kwanza, halafu tuendelee." Hatukuendelea.

Mama hupasua bila kutazama. Kisu kinapita mgongoni, samaki anafunguka kama kitabu, kichwa kikiwa bado kimeshika, chumvi inafuata. Alijifunza kwa mama yake, aliyeuza ng'onda, samaki wa kuanikwa kama hawa, soko la Marikiti, Mombasa, maisha yake yote. Aliwatundika kwenye kamba ya nguo, roshani ya ghorofa ya pili, wakiwatazama majirani.

Huko Konkan, ng'onda wa mwezi wa tano ni akiba. Mvua kubwa zikianza bahari hufungwa, mashua hupandishwa nchi kavu, na watu hukaa ndani wakila walichoweka. Mwezi wa nane, siku ya nazi, wavuvi hutupa nazi majini, na bahari inafunguliwa.

"Lakini Mama, hapa mvua haiji. Ni baridi na ukavu mpaka mwezi wa tisa."

"Mvua naijua. Nimekuuliza habari ya mvua?" Aligeuza samaki mmoja. "Nimefungiwa, naweka akiba. Na hewa yenu ni kavu, mamangu angeiona angelia kwa wivu."

Tunakaa ndani ya ukuta wenye nyaya za umeme juu yake. Geti hufunguka kwa alama ya kidole, na kidole chake mashine ilikataa kukisoma. Chumvi ya miaka yote ya kuanika samaki imekifuta. Kwa hiyo hutembea hadi getini, humsalimu mlinzi, hurudi. Mlinzi ni Mkongo wa Uvira, na ndiye mtu pekee katika majengo haya anayemjibu Mama kwa Kiswahili bila kutazama saa.

Ndiye aliyeleta barua ya kamati ya wakazi. "Prof, wamenipa hii. Miye sikusema kitu. Harufu ikishuka pale getini, naona niko kwetu ziwani."

"Usijitetee," Mama alisema. "Umekula wangapi?"

"Maman, mimi nasaidia ulinzi! Mwizi gani ataruka ukuta akute vichwa vile vinamwangalia? Eish, atajishitaki mwenyewe."

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje. Barua ilitupa siku saba: harufu, nzi, mwonekano. Jirani wa chini hukausha nyama ya ng'ombe kwa feni gereji kwake, lakini hiyo ni desturi ya hapa, na haina macho.

Nilifanya ninalofanya siku zote, nikatii kwa kujificha. Niliwahamishia samaki chumbani ninamoandikia, nikafunga kamba kutoka rafu ya vitabu hadi dirishani, nikaketi chini yao kuandika makala kuhusu urithi wa wavuvi. Tone moja la maji ya chumvi liliangukia sentensi niliyokuwa nikiisifu.

Mama aliingia alasiri kuwageuza.

"Wanatosha," alisema. "Nimepiga hesabu, wawili kila wiki mpaka siku ya nazi. Watakaobaki ni wako."

Alikuwa amenipa mgongo. Labda ndiyo sababu niliweza.

"Mama, nyumba ina wapangaji."

Mkono wake ulisimama juu ya kamba. "Wa muda gani?"

"Miaka miwili."

Nje geti lilifunguka kwa ajili ya mtu mwingine, likajifunga. Alimbonyeza kibua kwa kidole gumba, pale kwenye uti ambako unyevu hukawia, akamwelekeza kwenye jua.

"Wanapikia jiko langu?"

"Ndiyo."

Aliendelea hadi mwisho wa kamba, samaki mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga.

"Basi kesho rudi Fordsburg," alisema. "Hawa hawatatutosha."