Kengele ya Ndiva

Kanuni ya tano niliiandika mimi, na nakumbuka hata nilivyoipigia mstari. Ilisema kwamba kila mradi uletwe na kifaa chake halisi, kile kile kinachofanya kazi. Si picha, si mchoro, si mfano wa maboksi. Mradi usio na kifaa mezani haupewi alama hata moja. Huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu kuratibu maonyesho ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari hapa Same, na nilikuwa nimechoka kudanganywa. Mwaka uliotangulia kundi moja lilileta mtambo wa maboksi uliopakwa rangi ya fedha, likachukua zawadi ya pili, kisha nikagundua kwamba mtambo wenyewe haukuwahi kuwapo. Nilinuna wiki nzima. Mimi nikikasirika huwa naandika kanuni.

Nafundisha fizikia. Maonyesho nayaendesha kwa kujitolea, pamoja na walimu wenzangu wachache, fundi umeme mmoja na vijana wa maofisini ambao tunawaita walezi wa miradi. Kila mlezi hupewa shule mbili au tatu, akazitembelea Jumamosi zake na kuwasaidia wanafunzi kufikiri. Wengi wao niliwafundisha mimi, kwa hiyo wananiogopa bado. Najua kwamba nikiwapa kisogo wananiita Mama Kanuni, na kusema kweli jina lilinifurahisha.

Mlezi mmoja, kijana fundi wa umwagiliaji, aliniomba tupande naye mlimani nikaone mradi wa msichana wa kidato cha tatu. Tulipanda kwa pikipiki yake hadi kijiji kimoja juu kidogo ya Mhezi, mimi nimekaa upande kama mama mkwe, koti limefungwa hadi kidevuni. Ilikuwa kiangazi. Huku chini vumbi lilikuwa likitupiga machoni, kule juu migomba ilikuwa kijani na mfereji unaimba.

Mradi ulikuwa kwenye ndiva. Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo wazee wetu walilijenga juu ya mashamba. Maji ya mfereji huingia usiku kucha, asubuhi zibo la tundu lake la chini huvutwa na mashamba hupata maji kwa zamu. Mtunza ndiva alikuwa babu yake yule msichana. Miaka yote alilala kwenye kibanda kilichojengwa chini ya ukingo, pembeni ya zibo, kwa sababu mvua ikinyesha huko juu ndiva hujaa ghafla, na asipokuwapo mtu wa kuvuta zibo mapema ukingo unaweza kupasuka.

Msichana alikuwa amefunga dumu tupu la mafuta ya kula kwenye mti uliosimikwa ndani ya maji. Maji yakipanda, dumu linapanda. Likifika kwenye alama nyekundu, nyaya mbili zinagusana, na kengele inalia nyumbani kwao, ng'ambo ya pili ya ndiva, mahali pa juu na pakavu. Babu anaamka, anavaa viatu, anakwenda kuvuta zibo. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti nzito, kisha akaanza kumtania mjukuu wake mbele yangu. Alisema mtoto huyu amemstaafisha bila kiinua mgongo. Sasa analala kitandani kwake kama bwana harusi, na tatizo limebaki moja tu, kwamba bibi analalamikia kukoroma kwake.

Tulicheka sote. Nilizunguka ukingo kwa miguu, maana sipendi kusifu kitu ambacho sijakikagua. Chini kabisa, nyuma ya kile kibanda kilichoachwa, udongo ulikuwa na unyevu, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha kwa majuma mengi. Nilikanyaga na kiatu kikazama kidogo. Mwalimu wa fizikia anajua maana ya udongo kulowa upande wa pili wa ukingo: maji yanapenya. Nilifuta kiatu changu kwenye majani, nikarudi walipo wenzangu, nikasema mradi ni mzuri sana. Sikutaka kuharibu siku ya mtoto. Hivyo ndivyo nilivyojieleza wakati ule.

Majuma mawili kabla ya maonyesho msichana alishuka na mwalimu wake kuleta fomu. Alikuwa mtoto wa maneno machache, anayemwangalia mtu usoni hadi mtu mwenyewe anaangalia pembeni. Alisimama mbele ya meza yangu akaniuliza kama anaweza kuja na mfano wa kifaa, wa kutengenezwa shuleni, kile chenyewe kibaki mlimani.

Nilimwonyesha kanuni ya tano.

"Naijua, mwalimu. Lakini nikikiondoa, babu atarudi kulala kibandani."

"Siku mbili tu," nilimwambia. "Babu yako amelala kule maisha yake yote."

Aliacha fomu mezani. Baadaye mlezi alinipigia simu kuniombea ruhusa ya kurekodi video badala yake. Nilimwambia kwamba nikimruhusu mmoja, mwakani nitaletewa sinema. Akasema sawa mama, na mimi nikaendelea kusahihisha mitihani.

Wanafunzi wa mlimani walifika Alhamisi mchana, wamebanana kwenye gari la Noah na mabegi yao na magodoro. Msichana alikipakata kifaa chake kimefungwa kwenye kitenge: dumu, nyaya zilizozungushwa vizuri, na kisanduku chenye kengele na betri. Alijaza daftari la wageni, akakaa, akaangalia mlima. Same ilikuwa kavu kama kawaida yake, upepo ukibeba vumbi na mifuko ya nailoni kando ya barabara kuu. Lakini mlima ulikuwa umevaa wingu jeusi kuanzia kiunoni.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kulikuwa na kikaushio cha tangawizi kutoka Mamba, mkaa wa makapi ya mpunga kutoka Kihurio, na vijana wa kifugaji waliotengeneza birika la ng'ombe linalojifunga maji lenyewe. Meza ya msichana ilikuwa ya pili kutoka mlangoni. Aliweka ndoo ya maji, dumu juu yake, na kila mgeni aliyefika alimimina maji kwa kikombe ili aisikie kengele. Ililia siku nzima. Wageni walipiga makofi kila ilipolia, watoto wa shule za msingi walipanga foleni kuja kumimina tena, na mimi nilipita pale nikiwa nimebinua kifua kama mtu aliyeivumbua.

Mlezi alinifuata saa nane. "Mama, juu kunanyesha tangu jana."

Nilimwambia watu wa juu wanaiomba hiyo mvua tangu mwezi uliopita. Hakucheka. Alisimama mlangoni akiutazama mlima, na kila nilipopita na makaratasi yangu nilimkuta bado amesimama.

Jioni msichana aliniomba simu ampigie bibi yake. Haikupatikana. Akajaribu ya jirani, nayo haikupatikana. Nilimwambia mvua ikizidi mtandao huko hupotea, jambo ambalo ni kweli. Akaniuliza kama anaweza kuondoka asubuhi na basi la kwanza. Nilimkumbusha kwamba majaji wanapita asubuhi hiyo, mgeni rasmi anakuja, na mradi wake una nafasi kubwa ya kushinda. Nilisema kwa upole kabisa. Hilo la upole ndilo linaloniuma zaidi hadi leo.

Jumamosi saa tatu na nusu, majaji wakiwa meza ya kwanza, mkuu wa shule yao alinipigia. Sauti yake ilikuja ikikatika. Alisema ukingo wa ndiva umepasuka alfajiri. Kibanda hakipo. Mzee wamemkuta chini kwenye migomba. Wakati anasema hivyo majaji walikuwa wamehamia meza ya pili, mmoja wao akamimina maji kwenye ndoo, na kengele ikalia. Ikabidi nizibe sikio moja kwa mkono ili nimsikie anaponiambia nisimweleze mtoto ukweli. Mwambie babu anaumwa, alisema, apelekwe nyumbani, ataelezwa na wakubwa wake.

Kwetu ndivyo inavyofanyika. Habari ya msiba haitupwi usoni kwa mtu aliye mbali na kwao. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, anasafiri na matumaini yake, na nyumbani yuko mtu wa kumshika atakapoanguka. Nimeifuata desturi hiyo mara nyingi na kwa nia njema. Siku ile niliifuata pia, lakini kwanza niliwasubiri majaji wamalize meza yake. Zilikuwa dakika kumi hivi. Nilisimama nyuma yao na simu mkononi, nikimsikiliza mtoto akieleza jinsi dumu linavyopanda, na nikaitikia kwa kichwa kumtia moyo.

Nilimwambia nje, karibu na bomba. Babu anaumwa kidogo, tunakwenda.

Aliniangalia. "Maji yalifika wapi?"

"Anaumwa tu, mwanangu."

Alirudi ndani akafunga vitu vyake kwenye kitenge, na tulipanda gari la mwalimu mwenzangu, mlezi mbele, sisi wawili nyuma. Barabara ilikuwa imechimbika, tope hadi kwenye milango. Betri zilikuwa bado ndani ya kisanduku, na ncha za nyaya zilikuwa wazi. Alishika moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto, akazitenganisha mapajani mwake, ili gari likirushwa zisigusane. Saa mbili nzima alizishika hivyo. Mimi nilikuwa natazama mikono yake na kuomba Mungu tusifike.

Tulipokata kona ya mwisho tuliwaona watu wamekaa nje kwenye mabenchi ya kanisani. Bibi yake alisimama. Msichana alishuka peke yake, na hakupiga kelele. Aliwapita watu wote, akaenda ukutani kwenye msumari wake, akakitundika kile kisanduku mahali pake. Kisha ndipo alipoanguka, na shangazi zake wakamdaka.

Nilikaa hadi maziko. Nilishuka hadi kwenye ndiva na mlezi. Kulikuwa na shimo la tope lenye pengo upande wa chini, na pale pa kibanda mawe matupu. Jirani mmoja alituambia kitu ambacho hakujua uzito wake: jana yake jioni yeye na mzee waliikagua ndiva, na maji yalikuwa bado mbali na alama nyekundu. Haikujaa. Ililainika chini ikaachia. Mlezi alinitazama, na nikaona anafanya hesabu ile ile ninayoifanya mimi. Kengele isingelia. Lakini ingekuwa imetundikwa ukutani, na mzee angekuwa kitandani kwake, akikoroma.

Hakuna aliyenilaumu. Bibi alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumleta mtoto kwa gari. Walinipa chai na mhogo. Nilitamani mtu anitukane, nami sikuwa na ujasiri wa kuwapa sababu.

Watu walipiga msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakaujenga ukingo upya mahali pale pale, kwa udongo ule ule. Zamu ya babu ilichukuliwa na baba mdogo wa msichana. Hayo nilisimuliwa na mlezi, kwa sababu mimi sikupanda tena mwaka ule. Kanuni ya tano nayo niliiacha ilivyo. Kuifuta kulihitaji nieleze kamati kwa nini, na kila kikao nilikuta ajenda nyingine ya muhimu zaidi.

Mwaka uliofuata, siku ya maonyesho, majaji waliniita meza ya mwisho. Juu ya meza hapakuwa na kitu isipokuwa fomu. Msichana yule alisimama nyuma yake, amerefuka, mikono nyuma. Kwenye nafasi inayouliza kama kifaa halisi kipo mezani alikuwa ameandika: Hapana. Kipo kazini.

Jaji mmoja, mgeni, aliniuliza kanuni inasemaje. Wote walinisubiri. Mlango ulikuwa wazi, na nje mlima ulikuwa umefunikwa tena na wingu kuanzia kiunoni.

Nilimuuliza msichana kama amepiga simu nyumbani. Alisema ndiyo, asubuhi. Kengele ililia mara mbili usiku, baba yake mdogo akatoka nyumbani akavuta zibo, akarudi kulala. Jaji alitabasamu na kuanza kuandika. Mimi nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza babu yake, siku ile nilipokuwa nimesimama ukingoni na kiatu changu kichafu.

"Na chini ya ukingo, upande wa nje, pakavu?"

Alishusha mikono iliyokuwa nyuma. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Pana unyevu, mwalimu. Tangu wiki iliyopita."

Nikamgeukia mlezi, nikamwambia awashe pikipiki, tunapanda.