Kompyuta Iliyonizalia Ndugu

Mwaka 1998, mbele ya wanaume arubaini waliovaa kanzu, niliambiwa kwamba mchumba wangu Alawiya ni mtoto wa ndugu yangu.

Mimi sina ndugu.

Kwa mamangu nilizaliwa peke yangu na kwa babangu pia, au ndivyo nilivyojua hadi Ijumaa ile. Na aliyeleta balaa hilo si mchawi wala hasidi. Ni mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili na waya wa simu.

Tulieni niwaeleze.

Naitwa Mohdhar bin Khamis, mtu wa Jomvu Kuu. Siku hizo nilikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, huko Changamwe. Ofisi ilipobadilisha kompyuta, nikapewa moja kuukuu, nzito, tukaibeba watu wawili hadi nyumbani. Mamangu, Bi Barke, akaifunika kitambaa cha kufuma na kuweka maua ya plastiki juu yake.

Alawiya alikuwa mwalimu wa chekechea Frere Town. Nilimpenda mpaka nikawa nasahau kula. Babake, Mzee Barakat, alikuwa na duka kubwa la misumari, mabati na saruji pale Kisauni, na kidevu chake hakikuwahi kuteremka.

Nilipokwenda kuposa, akaniangalia kuanzia viatu.

"Kazi unayo, dini unayo," akasema. "Nasaba je? Kwetu sisi hatuozi mtu asiyejulikana alikotoka. Niletee mababu zako kwa maandishi, tuwasome mbele ya watu."



Mababu zangu niliwajua vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Babangu Khamis, marehemu. Babake, Mwinyihaji. Na babake Mwinyihaji aliitwa Gona.

Gona alikuwa mgema. Alipanda minazi akagema tembo, na watu wakalinywa. Mwinyihaji ndiye wa kwanza kwetu kusilimu. Nyumbani kwetu jina la Gona halikutajwa hata kwa kunong'ona.

"Huyo mwache huko huko juu ya mnazi," mamangu akaniambia. "Muulize Ami yako Shee. Yeye ana kitwa cha mambo haya."

Ami Shee, mdogo wa babangu, alikuwa Maskati. Binamu zangu wengine walikuwa Jedda na Dubai. Barua zilichukua wiki tatu kwenda na wiki tatu kurudi. Ndipo nikapata wazo nililoliona la kisomi kabisa: nitaigeuza kompyuta yangu kuwa seva.

Maana yake ni hii. Mtu wa Maskati anaiamrisha kompyuta yake ipige simu ya nyumbani kwangu. Kidude kinachoitwa modemu kinaipokea. Anatoa jina lake na neno lake la siri, anafungua sanduku la mafaili, anachukua analotaka, anaacha alilonalo. Hapana barua wala stempu.

Nilihangaika nayo wiki mbili. Modemu niliipanga ipokee simu ikilia mara ya tatu, kila siku saa nane hadi saa kumi mchana.

"Mara tatu?" mamangu akauliza. "Kama hodi?"

"Kama hodi, mama."

"Hapo sawa. Chombo hicho kina adabu."

Siku ya kwanza aliwahi simu kabla ya modemu. Akasikia mkoromo na mluzi na kukwaruza. Akaniita nije mbio huku amejishika kifua.

"Mohdhar, ndoo! Shee yuwafa! Sikiza kifua chake hicho!"

Sasa sikilizeni nilipokosea.

Seva inakuuliza, huyu mgeni nimpe ruhusa ya kusoma tu, au ya kusoma na kuandika? Mtu mwenye akili zake angewapa kusoma tu. Mimi nikamweleza mamangu, akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Ami yako umpe ruhusa ya kuchungulia? Kama mwivi dirishani? Watu wetu hao, Mohdhar! Fungua mlango wote."

Nikafungua mlango wote. Kila jamaa akapata ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta.

Faili liliitwa NASABA, nami mwanzo niliwaandika wote, hata Gona. Siku ya kwanza nilipolifungua baada ya saa kumi, Gona hakuwepo. Mahali pake alikaa bwana mmoja aitwaye Sheikh Aqil wa Shihri, mfanyabiashara kutoka Uarabuni, aliyeshuka Mombasa na farasi saba.

Ilikuwa kazi ya Ami Shee.

Wiki iliyofuata binamu wa Jedda akamfanya Sheikh Aqil kuwa kadhi, na farasi wakawa kumi na wanne. Binamu wa Dubai hakukubali kushindwa. Akamchimbisha visima vitatu na kuwafikisha farasi ishirini na mmoja. Sijui walilala wapi farasi hao, maana Jomvu haikuwa na nyasi za kuwatosha mbuzi wetu.

Nilijua ni uwongo. Nikanyamaza. Nilimtaka Alawiya, na Gona hakuwa na farasi hata mmoja.

Alawiya mwenyewe nilipomsimulia alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mohdhar, mimi nimekubali kuolewa na wewe," akasema. "Sikukubali kuolewa na Sheikh Aqil."

Sikumsikiliza. Farasi walipokuwa bado kumi na wanne, nilikwenda dukani kwa babake nikajigamba.

"Nasaba yetu iko ndani ya kompyuta, Mzee. Na kompyuta haisemi uwongo."

Macho yakamtoka. Dukani mwake ilikuwepo kompyuta yenye modemu pia, ya kuagizia mabati. Akataka neno la siri ajionee mwenyewe. Baba mkwe huyo, utampa kusoma tu? Nikampa yote.

Baada ya siku chache faili jipya likatokea kwenye sanduku, limeandikwa NASABA YA BARAKAT. Sikulifungua. Niliona ni utovu wa adabu kupekua ya mkwe wangu.

Ijumaa ikafika. Baada ya Alasiri tukakaa kwa Mzee Barakat, Kisauni, wanaume kwenye mikeka na wanawake nyuma ya pazia. Maalim, ambaye ndiye angefungisha ndoa, akapewa karatasi mbili, kila mtu amechapisha yake. Akavaa miwani.

Akaanza na yangu. Mohdhar bin Khamis bin Mwinyihaji bin Sheikh Aqil wa Shihri, kadhi, mwenye visima vitatu na farasi ishirini na mmoja. Watu wakasema mashallah. Mimi nikainama, wakadhani ni unyenyekevu.

Akachukua ya pili.

"Alawiya binti Barakat bin Khamis..."

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

"...bin Mwinyihaji bin Sheikh Aqil wa Shihri, kadhi, mwenye farasi kumi na wanne."

Maalim akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Barakat, huyu Khamis ni yupi?"

"Ni babangu," akajibu Mzee Barakat. Na kweli babake aliitwa Khamis. Nusu ya pwani hii wana baba Khamis.

"Lakini karatasi hii ya Mohdhar yasema Mwinyihaji bin Aqil alizaa watoto waume wawili, Khamis na Shee, na Khamis akazikwa Jomvu. Yako nayo yasema hivyo hivyo, neno kwa neno. Basi ni mtu mmoja?"

Hapo nikaelewa. Mzee Barakat alilichukua faili langu, akaikata nasaba penye Khamis, akajishonea kuanzia hapo kwenda juu. Na asingeweza kusema Khamis wake ni mwengine, kwa sababu angeulizwa Sheikh Aqil amempata wapi. 

"Imeandikwa," akasema mwishowe. "Na kompyuta haisemi uwongo. Kijana mwenyewe ndiye aliyeniambia."

"Basi wewe na Mohdhar ni ndugu, baba mmoja," Maalim akasema. "Alawiya ni mtoto wa nduguye. Ndoa hii ni haramu. Tunyweni kahawa twende zetu."

Watu wakaanza kunong'ona. Na tazameni binadamu walivyo. Hakuna aliyesema labda karatasi imekosea.

"Kumbe marehemu Khamis alikuwa na mke huku Kisauni!" akasema mzee mmoja.

"Nami nilikuwa nikimuona akipitapita," akadakia mwengine, ambaye wallahi hakumjua babangu hata kwa sura.

Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya mamangu.

"Khamis? Khamis wangu mimi?"

Kisha akalia. Miaka tisa ya ujane alikuwa akimuombea dua mume wake kila Ijumaa, na leo anaambiwa alikuwa na nyumba ya pili. Kilio kile kilinichoma. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, nikasimama.

"Maalim, karatasi yangu ni ya uwongo," nikasema. "Hapana Sheikh Aqil. Mwinyihaji ni mtoto wa Gona. Gona alikuwa mgema wa tembo, na farasi hakuwa naye. Nilificha kwa kuwa nilitaka mke."



Nikatoa karatasi ya tatu mfukoni. Seva yangu ina kitabu chake cha mlangoni. Kila anayeingia inamwandika jina, siku, saa, alichochukua na alichoacha. Nilikuwa nimekichapisha nimtambie mkwe kwa jamaa zangu wa ughaibuni.

"Barakat," nikasoma. "Jumanne, saa nane na robo. Amechukua NASABA. Alhamisi, saa tisa. Ameacha NASABA YA BARAKAT. Jumanne hiyo farasi walikuwa kumi na wanne, Maalim. Jumatano ndipo wakafika ishirini na mmoja. Mkwe wangu aliwahi mapema."

Mtu mmoja akapaliwa na halua.

Mzee Barakat alikuwa mwekundu, lakini kidevu bado kiko juu.

"Kitabu cha mlangoni si ushahidi!" akafoka. "Mambo ya zamani nani ayajuaye? Huenda huyo Khamis wa Jomvu kweli ndiye aliyeni..."

"Wee Barakat!"

Pazia likafunguka. Akatoka Bi Mwanatumu, mamake, ajuza wa miaka themanini, buibui limemteleza begani.

"Malizia! Ndiye aliyekuzaa? Wawaambia watu kuwa miye mamako nilikuwa na mume mwengine Jomvu?"

"La, mama, sikukusudia..."

"Babako ni Khamis bin Abdalla, fundi wa mabati, na sikumjua mtu mume mwengine! Farasi! Babako hata punda alimuogopa!"

Kidevu cha Mzee Barakat kikateremka. Nilikiona kwa macho yangu.

Bi Mwanatumu akanigeukia.

"Na wewe, Gona uliyemtaja ni yupi? Gona wa minazi ya Jomvu, mwenye kovu la paji?"

"Ndiye, bibi."

Akakaa chini pale pale, kati ya wanaume.

"Babangu ni Tsuma," akasema taratibu. "Tsuma na Gona ni ndugu, tumbo moja. Gona akinibeba begani nikiwa mdogo. Nilipoolewa kwa watu hawa nikaambiwa nisimtaje. Miaka sitini sijamtaja."

Akafuta machozi kwa ncha ya buibui. Maalim akahesabu kwa vidole, babu kwa babu, kisha akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Basi udugu mnao, wa kweli, na ni wa mbali. Halali kabisa. Leteni tena kahawa."

Tuliozwa mwezi uliofuata.

Lakini kesho ya Ijumaa ile, Jumamosi, nilikaa mbele ya kompyuta niwaondolee wote ruhusa ya kuandika, kuanzia Ami Shee, ambaye alininunia mwaka mzima. Kabla sijagusa kitu, simu ikalia mara tatu, modemu ikapokea. Nikasubiri hadi mgeni akaondoka, nikafungua kitabu cha mlangoni.

Barakat, saa nane na dakika tano. Amefuta NASABA YA BARAKAT. Ameacha faili moja.

Nikalifungua. Lilikuwa na mstari mmoja tu: "Mwanatumu binti Tsuma, nduguye Gona. Mohdhar, waweke pamoja."

Nikawaweka pamoja, nikafunga mlango.

Funzo langu ni hili. Jamaa mkaribishe, mlishe, mpe na kitanda chako, lakini jina la babu yako usimwachie kalamu. Na ukiulizwa umetokana na nani, mtaje aliyekuzaa, hata kama ulimwacha juu ya mnazi. Mwanangu wa kwanza wa kiume anaitwa Gona.