Waya za Upande wa Kulia

Wapo wanaosema dada yangu Batuli alikosa utu. Hao hawajawahi kuibiwa jina.

Batuli alihamia Dodoma kutoka Kondoa akiwa tayari anajua kufungua redio na kuirudisha, maana baba yetu alikuwa fundi. Vituo vya redio vya watu binafsi vilipoanza kutafuta nyimbo mpya, jamaa mmoja, Octavian, alifungua studio ya chumba kimoja mtaa wa Mkonze, akamchukua Batuli afanye naye kazi: kinanda cha umeme, mashine ya kurekodia, spika mbili. Vifaa vilikuwa vya Octavian, masikio yalikuwa ya Batuli.

Kinanda kile kilitoa sauti nyembamba, ya kuchezea watoto. Batuli alipiga besi ileile mara tatu na kuzipanga moja juu ya nyingine: ya kwanza nene, ya pili kavu, ya tatu chini sana, hujui kama ipo mpaka aiondoe. Akapunguza uzito wa kinanda ili ngoma ipate pa kukaa. Akamrudisha mwimbaji aimbe tena juu ya sauti yake mwenyewe. Wimbo ukajaa chumba. Octavian alikuwa barazani anakunywa soda.

Kaseti ilipotoka, jalada lilisema: "Mtayarishaji: Octavian." Ya pili hivyo hivyo. Kwenye ya tatu Batuli akauliza.

"Dada Batuli, nani atanunua kaseti iliyochanganywa na mwanamke?" Octavian alimjibu huku akicheka. "Wewe ni msaidizi wangu bwana."

Mimi nilimtukana mtu yule mpaka mate yakanikauka. Batuli aliendelea kukunja waya zake, na nilijua utulivu ule haukuwa wa heri.

Kaseti ya nne ilikuwa ya Silvano, mwanafunzi wa chuo, mpole, hana kosa. Uzinduzi ulipangwa uwanjani, yeye afuatishe kaseti kwa midomo. Batuli aliijua amplifaya ambayo Octavian huikodi kila mara: inachukua sauti ya kushoto na ya kulia, inaziunganisha kuwa moja.

Basi akaiacha ngoma kushoto peke yake, na sauti zilizobaki, za mwimbaji na za kinanda, akazirekodi pande zote mbili huku waya za kulia amezigeuza. Kwenye spika mbili za studio, sauti ilitanuka mpaka ukutani.

"Imejaa hiyo!" Octavian alipiga makofi.

Mimi ndiye niliyeambiwa siri: pande hizo zikiunganishwa, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zinafutana.

Siku ya uzinduzi Octavian alipanda jukwaani na suti, akajitangaza mtayarishaji. Kaseti ikaanza. Ngoma tu, tu, tu. Silvano anafungua mdomo, sauti yake inasikika kama imefunikwa godoro. Watu wakacheka, kisha wakazomea. Nilifurahi, sifichi.

Octavian akanyakua kipaza sauti. "Si mimi! Aliyechanganya ni Batuli! Kaseti zote ni Batuli!"

Jina likatoka safi, likafika mpaka barabarani. Silvano alikuwa bado amesimama pale, analia.

Tangu siku ile kila mwimbaji alimjua Batuli, na hakuna aliyempelekea kazi. Alirudi kwenye redio mbovu. Mwaka uliofuata nilimuuliza kama anajuta.

"Kwa Silvano, ninajuta kila siku," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Kwa Octavian, ningegeuza na waya za nyumba yake."